Mdogo wangu ameanza kuswali jela, msikitini hawamtaki

Assalamu alaikum washauri,

Mimi ni dada mkubwa, nakaa Katuba hapa Lubumbashi. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, huu ni mwezi wa 14 yuko jela. Alikuwa karani kwenye depo ya unga. Mwenye depo ni mzee tunayeswali naye msikiti mmoja. Kijana aliuza magunia kumi, akaandika saba, ya matatu akayala, hivyo hivyo hadi siku ya kuhesabu mali ikafika. Zikakosekana dola 2,400. Mzee akaenda parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), kesi ikakatwa: miaka 4 kwa kuvunja uaminifu, na pesa azirudishe. Rufaa hakukata.

Kusema kweli, alipokuwa nje sala yake ilikuwa ya Idi hadi Idi. Sasa kila nikienda kumtazama maneno ni ya dini. Anasema wanalala wengi mahali padogo, maji ya udhu hakuna, hajui kibla kiko upande gani, na wenzake Waislamu ndani hawafiki hata ishirini. Ananiuliza kama sala ya namna hiyo inapokelewa. Anataka Msahafu. Mara ya mwisho ameomba pia simu, nikanyamaza.

Nilimwendea imamu nikamwomba waende kumtazama. Alinisikiliza vizuri, lakini wazee wa kamati wakasema: “Tutamwendeaje aliyemla mwenzetu? Na akitoka, aswali kwingine.” Mwingine akaongeza kwamba dini ya jela inabaki mlangoni pa jela. Nililia njia nzima.

Mke wake amerudi kwao Kipushi na mtoto mmoja. Watu wanamwambia ndoa imekwisha yenyewe kwa sababu mume amefungwa. Mimi nauza mboga sokoni, nina watoto wanne, na imebaki miezi 34 ya kupeleka chakula. Nifanye nini cha kwanza? Na akitoka aende wapi, kama msikiti haumtaki na depo haimtaki?

Yaya, Katuba

*

Wa alaikum salaam, Yaya.

Tuanze na neno moja la barua yako, maana ndilo linalobadilisha mengine yote: “imebaki miezi 34.” Huenda si hivyo. Sheria ya adhabu ya Kongo inaruhusu mfungwa aliyekwisha hukumiwa aombe kuachiliwa kwa masharti akitimiza robo ya kifungo, mradi amekaa ndani zaidi ya miezi 3. Miaka 4 ni miezi 48, robo yake ni 12. Mdogo wako ana 14. Siku alizokaa kizuizini kabla ya hukumu nazo zinahesabiwa. Kwa hiyo mlango wa kuomba ulifunguka miezi miwili iliyopita, na inaelekea hakuna aliyewaambia.

Kuomba si kupata. Anayeamua ni waziri wa sheria, baada ya maoni ya mwendesha mashtaka na ya mkuu wa jela. Ni hisani, si haki ya kudai. Faili nyingi hazifiki hata mahali pa kukataliwa, zinakwama njiani kwa kasoro ndogo. Kasoro ya kwanza ni kwamba nakala ya hukumu haimo kwenye faili ya jela, na bila nakala hiyo mfungwa anaonekana kama bado anangoja kesi. Ya pili, hakuna karatasi inayothibitisha kwamba rufaa haikukatwa. Muda wa rufaa katika kesi za jinai ni siku 10, ulishapita zamani, lakini mwenye faili hatakisia, anataka kuona cheti. Ya tatu ni tarehe ya kukamatwa iliyoandikwa vibaya: mtu aliingia mwezi wa tatu, daftari linasema wa tano, na miezi miwili imepotea kwa kalamu ya mtu mwingine.

Kazi yako ya kwanza basi si Msahafu. Nenda kwenye ofisi ya karani wa mahakama iliyomhukumu. Kosa la kuvunja uaminifu lina adhabu isiyozidi miaka 5, kwa hiyo kesi kama yake huanzia Tribinali ya Amani. Beba namba ya kesi, ile inayoanza na herufi RP. Omba vitu viwili: nakala ya hukumu na cheti cha kutokata rufaa. Hakikisha jina limeandikwa sawasawa na kwenye karte yake ya elektere (kadi ya mpiga kura), herufi kwa herufi. Ramazani na Ramadhani kwako ni mtu mmoja, kwa karani ni wawili. Toa nakala tatu za kila karatasi: moja ya jela, moja ya parke, moja ikae kwako. Kila unapoiacha moja, gongewa muhuri wa kupokelewa kwenye ile unayobaki nayo. Kama huna pesa ya avoka (wakili), barro, yaani chama cha mawakili, ina ofisi ya ushauri wa bure kwa wasiojiweza. Uliza komini yako (ofisi ya serikali ya mtaani kwenu) ikupe hati ya kutojiweza kabla hujaenda, usije ukatembea mara mbili.

Karatasi ya tatu ndiyo inayohitaji msikiti, na hapo wazee wako wanaingia wapende wasipende. Anayetoa maoni kuhusu mfungwa hujiuliza swali rahisi: huyu akitoka atalala wapi, na nani atamwona? Barua ya mapokezi inajibu hilo. Isizidi ukurasa mmoja. Iwe na jina lake kamili na namba ya RP, avenyu na namba ya nyumba atakayokaa, jina la anayempokea (wewe au mama), kazi atakayoanza nayo hata kama ni ya kibarua, na jina la mtu mmoja wa msikiti atakayeonana naye kila wiki. Waitie sahihi imamu na shefu wa kartye (mkuu wa mtaa), na ipate muhuri wa COMICO wa hapa, kwa kuwa hiyo ndiyo jumuiya ya Waislamu ambayo serikali inaitambua. Barua inayosema tu “ni Mwislamu mwema, ametubu” haimsaidii mtu. Toba haionekani kwenye faili, anwani inaonekana.

*

Sasa sala yake. Ndiyo, inapokelewa, na fiqhi imemwekea njia kwa karibu kila dhiki aliyoitaja.

Maji kwanza. Katika hadithi ya Anas iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani robo tatu ya lita au pungufu. Sisi nje tumezoea bomba linatiririka, ndiyo maana tunadhani udhu ni ndoo. Mpelekee chupa mbili za plastiki za nusu lita. Kizibo kimoja kitobolewe tundu dogo kwa msumari uliopashwa moto, tundu la ukubwa wa punje ya mtama, si zaidi. Chupa ikiinamishwa inatoa uzi wa maji, na kiganja kinajaa bila kumwagika. Kiganja kimoja cha kuosha mikono, kimoja agawanye mdomoni na puani, viwili vya uso, viwili kwa kila mkono hadi kiwiko, kimoja cha kichwa na masikio, viwili kwa kila mguu. Hivyo ni viganja 13, na chupa ya nusu lita inabaki na akiba. Faradhi ni kuosha mara moja. Mara tatu ni suna, na suna hiyo aiache ndani kwa moyo mweupe, kwa sababu maji ya kunywa yanatangulia.

Siku ambayo hata hiyo nusu lita haipo, kuna tayamamu: atie nia, apige viganja kwenye udongo safi wenye vumbi, apake uso, apige tena, apake mikono hadi viwiko. Sakafu ya saruji iliyooshwa haina vumbi, na hapo ndipo wengi hukosea: wanapiga ukuta uliopakwa rangi. Mpelekee udongo mkavu uliochekechwa, kiasi cha kikombe kimoja, kwenye mfuko wa kitambaa. Mwambie askari wa mlangoni ni wa nini kabla hajauliza. Akikosa maji na udongo vyote, aswali hivyo hivyo kwa heshima ya wakati, na kwa madhehebu ya Shafi ataikidhi akipata.

Kibla kwa Lubumbashi ni kaskazini, kimeinama kidogo mashariki, kama digrii 20. Kukipata bila dira: asubuhi asimame uani, uso wake ukiangalia jua linapochomoza, anyoshe mkono wa kushoto. Mkono unaonyesha kaskazini. Kutoka pale ausogeze kurudi kwenye jua, lakini usifike hata robo ya njia. Hapo ndipo. Atazame ni ukuta gani au kona gani inaangaliana na hapo, na akiingia ndani ataijua milele. Watu wengi wakisikia Maka wanaelekea mashariki moja kwa moja, wanakosea kwa mbali.

Ya mahali: gunia la unga la kilo 25, lile la nailoni, lifuliwe, lifumuliwe mshono wa ubavuni na wa chini, linakuwa mkeka mwepesi unaokunjwa hadi ukubwa wa kitabu na kukauka upesi. (Tunajua gunia la unga kwake lina historia yake. Ndiyo mkeka wa bei nafuu, na pengine si vibaya paji la uso likikaa hapo.) Palipo na msongamano hadi hawezi kusimama, aswali ameketi. Akiweza kusimama kwa zamu na jirani yake wapeane nafasi, asimame.

Ijumaa isimsumbue. Kwa Shafi, Ijumaa inataka wanaume 40 wakazi wa mahali, na mfungwa ana udhuru. Wakiwa ishirini waswali adhuhuri kwa jamaa, rakaa nne, na mmoja awakumbushe maneno machache baadaye. Tumeona ugomvi ukizuka ndani kwa watu kumi wanaolazimisha hotuba ya Ijumaa wakati chumba kizima kinataka kulala. Sala ya jamaa iwe fupi, sauti ya chini. Wenzake wasiokuwa Waislamu wanaishi naye saa 24, na tabia yake na choo na zamu ya maji wanaisoma kabla ya kumsikia akisoma aya.

Kuhusu sala alizoacha miaka yote ile, wanavyuoni wengi wanasema azilipe. Asijitwishe siku nzima ya kukidhi, atachoka wiki ya pili. Kila faradhi anayoswali aongeze moja ya wakati ule ule: adhuhuri ya leo na adhuhuri ya zamani. Kwa mwaka mmoja amelipa mwaka mmoja. Muda, tofauti na maji, anao.

Msahafu mpelekee wa jalada laini na herufi kubwa, kwa kuwa mwanga wa ndani ni hafifu. Kama hajui kusoma Kiarabu, Msahafu mzima utakuwa wa kuwekwa juu ya mto tu. Aanze na juzuu Amma yenye tafsiri ya Kiswahili na daftari la kurasa 48. Lengo la wiki liwe dogo, sura moja fupi aihifadhi na aelewe maneno yake. Andika jina lake ukurasa wa kwanza. Usipitishe kijitabu au karatasi usiyojua ilikotoka, wala kadi ya kumbukumbu ya simu yenye mawaidha, hata kama ni ya sheikh unayempenda. Siku hizi karatasi ya Kiarabu isiyo na mwenyewe mlangoni pa jela inaleta maswali ambayo wewe huwezi kuyajibu na yeye ataadhibiwa kwayo.

Simu, hapana. Ulinyamaza, sasa sema. Simu ikikutwa inaharibu maoni ya mkuu wa jela, na maoni hayo ndiyo nusu ya faili tuliyoizungumzia.

*

Chakula unakijua kuliko sisi, lakini neno moja. Usipeleke mzigo mkubwa kila miezi miwili. Ndani hakuna kabati. Aliyepokea gunia anaonekana na wote, na kabla ya siku tatu limegawanywa, limeibwa, au amelazimishwa kulipia ulinzi wake. Mzigo wa wiki mbili unatosha: unga kilo 5, ndagala (dagaa) kavu kilo 1, chumvi robo, mafuta nusu lita, sukari nusu kilo, sabuni vipande 4. Ndagala ni kwa sababu vungule, ule mchanganyiko wa mahindi na maharage wa jela, haitoshi mwili wa mtu peke yake. Vipande viwili vya sabuni ni vyake, viwili ni vya chumba. Hivyo viwili vya chumba vitamlinda kuliko unavyodhani, na vinapunguza upele, ambao ukimpata mmoja unawazunguka wote. Katika Qur'ani, sura ya Al-Insan aya ya 8, wanaosifiwa kwa kulisha wametajiwa watatu: maskini, yatima na mfungwa. Haikusemwa mfungwa wa dini gani.

Ramadhani ikifika, futari iwe imeingia kabla milango ya vyumba haijafungwa alasiri. Magharibi ya hapa inaingia kwenye saa 12 jioni, na bukari (ugali) iliyopikwa saa 5 mchana itakuwa imechacha. Tende, karanga na unga wa uji havichachi.

Mtazame pia kifua. Akikohoa zaidi ya wiki mbili, akikonda, akitoka jasho usiku, adai kupimwa kifua kikuu. Dawa ni za bure na ni za miezi 6. Tatizo kubwa hutokea siku ya kutoka: mtu yuko mwezi wa tatu wa dawa, anafurahi, anaondoka bila karatasi ya uhamisho, na dawa zinakatika. Asitoke bila hiyo karatasi kupelekwa kituo cha afya cha Katuba. Na akihamishiwa jela ya Buluo, kule upande wa Likasi, kilomita 120 hivi, usingoje ziara inayofuata ndipo ujue: mwachie mwenzake mmoja namba yako ya simu kwenye karatasi.

*

Tumefika kwa mzee wa depo, na hapa hatutakubembeleza.

Wazee wa kamati wamekosea kusema aswali kwingine. Msikiti si wa kamati, na katika hadithi ya Abu Musa iliyomo katika Bukhari, kumkomboa mateka kumetajwa pamoja na kumlisha mwenye njaa na kumzuru mgonjwa. Lakini ndani ya ukali wao kuna ukweli ambao barua yako imeupita haraka. Umeandika juu ya maji, kibla, Msahafu na mke. Juu ya dola 2,400 za mzee umeandika kana kwamba hakimu akishataja kiasi, jambo limekwisha. Toba kwa haki ya Mungu ina masharti matatu: kuacha, kujuta na kuazimia kutorudi. Haki ya mja ina la nne, kuirudisha au kusamehewa na mwenyewe. Hata shahidi, kwa hadithi ya Muslim, husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Miaka 4 ya jela ni adhabu ya serikali. Haijamlipa mzee gunia hata moja.

Kuna sababu ya kisheria pia ya kuharakisha. Kwa sheria ya Kongo mtu anaweza kubakizwa ndani siku za ziada kwa fidia ambayo hakulipa, hadi miezi 6, kadiri hukumu ilivyotaja. Ukiichukua nakala ya hukumu, tafuta mstari huo.

Usiende kwa mzee kumwomba asamehe. Ukianza na msamaha umemweka ukutani mbele ya watu: akikataa ni mbaya, akikubali amepoteza mali. Nenda na mpango. Tafuta mtu mmoja ambaye mzee anamheshimu, asiwe wa ukoo wenu, amwendee kwanza. Kisha mpelekee barua ya mdogo wako, kwa mkono wake mwenyewe, yenye mambo matatu: nilichukua kiasi hiki, nakikiri; nitaanza kulipa hivi; sikuombi ufute kesi. Sentensi ya tatu ndiyo itakayomfungua masikio, maana kila barua ya jela aliyowahi kusikia ilikuwa ya kuomba.

Mpango uwe wa ukweli. Kama kuna kitu cha kuuza, baiskeli, televisheni, bati za nyumba ambayo haijaanza, kiuzwe sasa na pesa ziende kwa mzee zote, hata kama watoto wako wanazihitaji. Tuseme mmepata dola 600. Zinabaki 1,800, kwa dola 50 kwa mwezi ni miezi 36 tangu apate kazi. Msiahidi 150 kwa mwezi ili kumfurahisha. Malipo ya mwezi wa tatu yatakwama, na deni lililovunjwa mara ya pili halina dawa. Andikeni, kama aya ya 282 ya Al-Baqara inavyoamrisha, na mashahidi wawili. Aya ya 280 kabla yake ni ya mzee: mdaiwa akiwa na dhiki, apewe muda. Mwacheni imamu amsomee hiyo, nyinyi msimsomee. Kila malipo yaandikwe kwenye daftari mbili zinazofanana, na mzee aweke sahihi zote mbili.

Zaka inaweza kusaidia? Katika mafungu manane ya aya ya 60 ya At-Tawba, wenye madeni wamo. Kwa Shafi, hata aliyeingia deni kwa maasi hupewa ikiwa ametubu. Kamati ikikubali, zaka isipite mkononi mwake wala mkononi mwako, iende moja kwa moja kwa mzee na iandikwe. Hapo utaona jambo: wale wazee waliosema hawawezi kumwendea aliyemla mwenzao, wanaweza kumwendea mwenzao aliyeliwa. Waanzie hapo.

Mzee akipokea malipo ya kwanza, mwombeni karatasi ya mistari mitatu kwamba makubaliano yapo na yameanza. Iambatanishwe na faili ya maombi. Kwa mwenye kutoa maoni, karatasi hiyo ina uzito kuliko barua kumi za kumsifu.

*

Siku ya kutoka. Asiende mlangoni kundi la watu na vigelegele. Aende mmoja, na kilemba kipya kibaki nyumbani. Kabla hamjaondoka, akague hati yake ya kutoka: jina, tarehe, masharti. Kama ni kuachiliwa kwa masharti, akifanya kosa au akikiuka aliyoandikiwa, anarudi kumaliza muda uliobaki, na watu wengi hurudi kwa sharti ambalo hawakulisoma. Toa nakala mbili siku hiyo hiyo, moja ikae kwako. Kama karte ya elektere ilipotea alipokamatwa, komini inatoa hati ya kupotelewa na vitambulisho. Bila hiyo, kituo chochote cha barabarani kinamrudishia hofu.

Kazi: mtu aliyeanguka kwa pesa asipewe pesa za wengine, na hilo si chuki, ni huruma. Asiwe karani, asishike likelemba (mchango wa kupokezana), asipewe pikipiki ya mkopo mwezi wa kwanza. Miezi sita ya mwanzo atafute kazi ya kulipwa kwa siku, kupakia, kufyatua matofali, kusaidia fundi, ambapo jioni anajua amepata ngapi na hakuna hesabu ya mtu mwingine mfukoni mwake. Msikitini vilevile. Wasimpe kisanduku cha sadaka, wampe mikeka ya kukung'uta na mapipa ya udhu ya kujaza. Na imamu asimsimamishe mbele ya watu asimulie alivyotubu. Tunajua inaliza watu. Lakini aliyesimuliwa hadharani akiteleza mara moja hawezi kurudi tena, na mzee wa depo amekaa safu ya kwanza anasikia hasara yake imegeuka mawaidha.

Yule aliyesema dini ya jela inabaki mlangoni hakubuni, ameona. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa, kwa sababu ndani sala tano ndizo zilizokuwa saa yake, na nje hakuna anayempitia kwenda alfajiri. Ndiyo maana tukasema barua iwe na jina la mtu mmoja wa kila wiki. Asiwe sheikh. Awe kijana wa umri wake anayefanya kazi za mikono, anayepita karibu na nyumba yenu.

Mke: ndoa haivunjiki kwa kifungo. Ni mkewe mpaka atamke talaka au hakimu avunje. Kwa upande wake, ana haki ya matunzo, na akikosa kabisa anaweza kudai ndoa ivunjwe kwa njia ya kadhi au wanavyuoni wanaosimamia hayo hapa. Kama waliandikisha komini, mahakama ya serikali nayo inahusika. Msimtumie wajumbe wa kumtisha. Mdogo wako amwandikie mwenyewe, aulize habari za mtoto kabla ya habari za ndoa, na mkimpeleka mtoto ndagala na sukari mara moja kwa mwezi Kipushi, mtakuwa mmesema mengi.

Jumatatu basi, kwa karani wa mahakama, na namba ya RP mkononi. Ukiipata hukumu, tazama tarehe ya kukamatwa iliyoandikwa. Kama si ile unayoikumbuka wewe, tuandikie zote mbili kabla ya kupeleka faili.